Pijo 404, Pijo 504, Datsun 120Y au Corolla DX: teksi gani ya zamani uichukue uitunze?

Siku hizi naona watu wengi wanatafuta gari za zamani za kuweka nyumbani, na sio zile za kifahari za kwenye picha za Ulaya, wanatafuta zile zile zilizokuwa teksi zetu, Pijo ya kwenda Namanga, Datsun ya kijiweni, Corolla DX iliyompeleka mama hospitali usiku wa manane. Wanataka kutoka nayo Jumapili, wengine wanataka kumpandisha mzee wao kwenye gari ya aina ile ile aliyopanda siku ya harusi yake. Naliunga mkono hili jambo kwa moyo wote maana hizi gari zinaisha, kila mwaka zinakatwa zinauzwa vyuma chakavu kwa kilo, na zikiisha hakuna kiwanda kitakachoturudishia. Sasa ukishakuwa na hela kidogo na nafasi uani swali linakuja, uchukue ipi? Nimeamua niziweke nne pembeni kwa pembeni, Peugeot 404, Peugeot 504, Datsun 120Y na Toyota Corolla DX, niseme kila moja inakupa nini na inakudai nini.

Kabla hatujaenda mbali niweke msimamo wangu mezani, kwenye gari hizi usinunue injini, nunua bodi. Zote nne hazina chasi ya peke yake kama Land Rover, bodi yenyewe ndo chasi, yani sakafu, sili za chini ya milango na yale mabomba ya bati ya mbele ndo yanashikilia kila kitu. Injini ikifa inafufuliwa, na ikigoma kabisa inatafutwa nyingine inafungwa. Ila sakafu ikishaliwa na kutu hadi inapopachikwa springi hapo unanunua kazi ya kuchomelea ya miezi na miezi, na fundi bodi anayejua kuikata na kuirudisha ikiwa imenyooka sio wa kila mtaa. Karibu kila nitakachosema huko chini kinarudi hapo hapo kwenye bodi, kwaio ukiona nairudia ujue ni makusudi.

Najua kuna watakaouliza mbona hujaweka Mercedes za Kenatco, ile kampuni ya teksi kule Nairobi, au zile teksi nyeusi za muundo wa London, au Land Rover 109 za kupeleka watu Mererani. Zote nazipenda. Ila Mercedes ni mada yake, 109 ina chasi na aluminiamu kwaio matatizo yake ni mengine kabisa, na zile za muundo wa London kuipata nzima ni kazi. Corolla 100 na 110 nazo bado zipo zinafanya kazi barabarani, tuziache kwanza zizeeke.

Tuanze na 404. Ilitoka Ufaransa mwaka 1960 ikatengenezwa kule hadi 1975, umbo lake lilichorwa na Pininfarina wa Italia, ndo maana hadi leo ukiiona imesimama na yale mapezi ya nyuma unaona gari imechorwa na mtu mwenye jicho. Lakini huku kwetu haikupata jina kwa umbo. Ilipata jina kwa Safari Rally, yale mashindano ya magari ya Afrika Mashariki. Mwaka 1963 Nick Nowicki na Paddy Cliff walishinda na 404, mwaka huo gari zilizomaliza mashindano zilikuwa 7 tu. Mwaka 1966 na 1967 akashinda Bert Shankland na Chris Rothwell, 404 tena, na Shankland alikuwa mtu wa huku huku Tanzania, afu 1968 Nowicki na Cliff wakarudia na zikamaliza 7 tu tena. Mara nne ndani ya miaka sita! Watu walisimama kandokando ya barabara kwenye matope kuanzia Kenya, Uganda hadi Tanganyika wakaona kwa macho yao gari gani inapita na gari gani inavutwa, na mwenye hela yake ya kuanzisha teksi baada ya hapo hakuhitaji mtu wa kumshawishi. Teksi ni gari inayofia barabarani kila siku kidogo kidogo, ukiona moja imemaliza Safari unajua hii itanilisha.

504 ikaja mwaka 1968, mwaka uliofuata ikapewa tuzo ya gari bora ya Ulaya, na kwenye Safari ikashinda 1975 na Ove Andersson, halafu 1978 na Jean-Pierre Nicolas japo ile ya 1978 ilikuwa kupe ya V6 ambayo sisi huku kijiweni hatukuwahi kuiona. Zimetengenezwa zaidi ya milioni 3 duniani. Ufaransa waliacha kutengeneza ile ya sedani mwaka 1983 lakini Kenya na Nigeria waliendelea kuziunganisha miaka mingi baada ya hapo, na hilo ni jambo kubwa kwa anayetaka kununua leo, maana yake 504 iliyopo Nairobi au Nakuru inaweza kuwa changa kwa umri kuliko unavyodhani na spea zake zilibaki madukani muda mrefu.

Hapa kwenye 504 naomba nikae kidogo kwa sababu hii ndo gari niliyokulia. Baba yangu mdogo alikuwa anaendesha 504 stesheni wagoni toka Arusha kwenda Namanga, kilomita kama 110, na upande wa pili wa mpaka kulikuwa na wenzao wenye Pijo hizo hizo wanapokea abiria wanaenda nao Nairobi hadi River Road. Kwa wasiojua, mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa Februari 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipokuwa inavunjika, ukaja kufunguliwa Novemba 1983, miaka zaidi ya sita watu wana ndugu zao Kajiado na Ngong hawawezi kwenda kirahisi. Ulipofunguliwa ile njia ilipata uhai mpya, na gari iliyobeba huo uhai ilikuwa Pijo ya safu tatu. Kiwanda kiliiandikia watu saba. Stendi ilikuwa inaandikiwa watu wangapi ilitegemea na mpiga debe, na juu ya keria kulikuwa na magunia, vitenge, sufuria za aluminiamu, kuku, na mara nyingine mbuzi amefungwa miguu anatuangalia.

Sisi watoto tulikuwa tunawekwa safu ya nyuma kabisa, pale juu ya matao ya tairi, magoti yanagusa kidevu. Kioo cha mlango kilikuwa na kishikio kimoja tu cha kuzungushia kwa gari nzima, baba mdogo anakiweka kwenye boksi la mbele, ukitaka kushusha kioo unaomba kinapitishwa mkono kwa mkono hadi kwako kisha kinarudishwa. Na usibamize mlango. Hilo alilisema kwa kila abiria, awe mwalimu awe askari awe bibi wa miaka themanini, "taratibu mama, unajifunga wenyewe," na kweli ulikuwa unajifunga wenyewe.

Kilichoifanya stesheni ya 504 iwe bora kwa kazi ile ni chini yake. Sedani ya 504 nyingi nyuma ina magurudumu yanayojitegemea kila moja kivyake, inakaa barabarani vizuri na inalaza mashimo hadi unasahau uko kwenye barabara gani. Stesheni wao waliweka ekseli moja ngumu ya nyuma na springi za koili nne, mbili kila upande, ndo maana unaipakia hadi inakaa matako chini lakini haivunjiki, ukishusha mzigo inanyanyuka. Afu ni ndefu, kutoka tairi ya mbele hadi ya nyuma ni mita 2.90 wakati sedani ni mita 2.74, huo urefu ndo uliompa nafasi abiria wa safu ya tatu. Udhaifu wake kwenye barabara ya vumbi ni kwamba mlango wa nyuma unanyonya vumbi, baba mdogo alipokuwa akikodishwa kwenda Mto wa Mbu enzi hizo lami haijafika kule tulikuwa tunashuka nyusi nyeupe wote.

Sasa ukiweka 404 na 504 pembeni kwa pembeni. Injini ya 404 ya petroli ni ya sisi (cc) 1618, imelazwa upande nyuzi 45, ya 504 ilianza na sisi 1796 ikaja 1971, na hiyo 1971 ndo utakayokutana nayo mara nyingi pamoja na dizeli zake. Injini hizi za petroli zote mbili zina slivu zinazochomoka, yale mabomba ya ndani ya silinda ambamo pistoni inapanda na kushuka, yani zikila oili unachomoa slivu na pistoni unaweka seti mpya bila kupeleka bloku kuchongwa, na hii ndo siri ya kwa nini zilidumu miaka ya mwanzo ya 80 wakati Tanzania ilikuwa haina fedha za kigeni, spea hakuna, mafuta ya foleni, gari binafsi zimepigwa marufuku kutembea Jumapili mchana. Fundi mwenye seti moja ya slivu na uvumilivu aliirudisha gari barabarani chini ya mwembe. Adui wao mkubwa ni joto. Silinda hedi ni aluminiamu, ukiichemsha mara moja vizuri inapinda na gasketi inaungua, na Pijo hizi zilikuja na feni yenye sumaku inayojiwasha injini ikipata moto, kitu cha kisasa sana kwa wakati ule, ila nyaya zikichoka mafundi wengi waliifunga moja kwa moja izunguke muda wote. Ukikuta imefungwa hivyo usiogope, kwa hali ya hewa yetu inafanya kazi, ila rejeta iangalie kwa makini.

404 ina gia kwenye usukani, na hapa sina maneno mengi, ukishaizoea unapenda na ukimpa kijana wa leo aiendeshe atakaa hapo hapo anatafuta gia iko wapi. 504 za mwanzo nazo ni hivyo, za baadae gia iko chini. Breki, 504 ina diski mbele, 404 za mwanzo ni ngoma kote, kwenye mteremko wa kushuka na familia ndani mimi nitachagua diski. Spea, 504 inashinda kwa mbali, maana 505 iliyokuja baadae ilitumia injini ile ile ya 1971 na pikapu za 504 bado zipo Kenya zinabeba maziwa na viazi, na Misri na Nigeria bado kuna watu wanaishi kwa kuuza vipuri vyake. 404 unatafuta taa ya nyuma miezi. Kioo cha mbele cha 404 kikipasuka ndo utajua marafiki zako ni nani.

Kwaio kati ya Pijo mbili, 404 nampa mtu ambaye gari itakaa sana na kutembea kidogo, anaipenda kwa umbo na historia ya Safari, ana gari nyingine ya kazi. Mwingine yeyote achukue 504, na kama anaweza kuipata achukue stesheni yenye safu zote tatu, sedani ni gari nzuri zaidi kuendesha lakini stesheni ndo ile iliyotubeba.

Tuje kwa Wajapani. Datsun nao walijiuza kwa njia ile ile ya Safari, walishinda 1970 na 1600 SSS, 1971 na 1973 na 240Z, halafu Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, akachukua mfululizo 1979, 1980, 1981 na 1982 na Datsun, ukijumlisha na ile ya 1973 ni mara tano. Gari ya mashindano na 120Y ya kijiweni ni vitu viwili tofauti lakini jina lilikuwa moja na watu walilinunua jina. 120Y ina injini ndogo ya sisi 1171, nyepesi, nyuma springi bapa kama za pikapu, ndani ni nyembamba, ukikaa wanne watu wazima mnajuana vizuri. Ilikuwa teksi ya mjini, safari fupi, sokoni, stendi, nyumbani. Injini yake naisifu bila kusita, ni injini tamu inayopenda kuzungushwa, inakunywa kidogo na haina makuu.

Shida ya 120Y ni ile ile niliyoanza nayo. Bati lake ni jembamba na kutu inaipenda kuliko gari nyingine yoyote kati ya hizi nne. Nimeona 120Y inang'aa rangi mpya, ukiinua kapeti ya dereva unaona lami. Ukiipata moja yenye sakafu yake ya kiwandani, kavu, nunua usilale, ila usitegemee kuipata haraka.

Corolla DX, yani ile KE70, ilitoka 1979, sedani iliishia 1983 na ile ya stesheni ikaendelea hadi 1987. Injini 4K ya sisi 1290, inasukuma matairi ya nyuma, timing yake ni ya cheni sio mkanda, kabureta moja, hakuna kompyuta yoyote, fundi yeyote aliyewahi kushika spana anaijua. Sedani nyuma ina koili, stesheni ina springi bapa. Jina lake ni kubwa hadi leo, kuna vijana Kenya na huku kwetu ambao hawakuzaliwa ilipokuwa teksi na wanaitafuta kwa udi na uvumba kwa sababu ni nyepesi na inasukuma nyuma, wanaifanya ya mashindano, na hao ndo wamepandisha bei zake na pia ndo wamezikata nyingi zikapoteza sura yake ya asili. Hilo linaniuma kidogo niseme ukweli.

Watu wengine wanauliza kwa nini Pijo zilipotea ghafla kwenye vijiwe vya teksi zikajaa Toyota. Sababu kubwa ni ruhusa. Tanzania mwaka 1984 serikali iliruhusu watu wenye fedha zao za kigeni waingize bidhaa wenyewe bila kuulizwa walizipata wapi, na Kenya wakafungua milango mwanzoni mwa miaka ya 90, gari zilizotumika zikaanza kushuka bandarini Dar na Mombasa kutoka Japan na Dubai. Mwenye teksi aliyekuwa anahangaikia gasketi ya Pijo miezi miwili akaona mwenzake amenunua Toyota, inakula mafuta nusu, spea zipo kila duka, na abiria mwenyewe anapenda gari mpya. Hakuna aliyeisaliti Pijo, watu walikuwa wanalisha watoto.

Sasa pambano ambalo naona wengi wenu mnalo kichwani ni 504 dhidi ya DX, maana ndo mbili zinazopatikana na ndo mbili zenye kumbukumbu nyingi. Nizilinganishe vizuri.

Kuendesha kila siku, DX inashinda na haina mjadala. Ni nyepesi, inageuka kwenye uchochoro, mafuta kidogo, ukikwama njiani utapata msaada hata Singida saa nne usiku. Ukikosa 4K nzuri, 5K ya LiteAce ni ndugu yake na inakaa bila vita kubwa, na 5K ilifungwa pia kwenye foklift za Toyota kwaio vipuri vya ndani havijaisha na haviishi kesho. 504 kwa matumizi ya kila siku mjini ni kazi, ni ndefu, usukani mzito ukiwa umesimama, na foleni za Dar au Nairobi na ule ugonjwa wake wa joto haviendani.

Safari ndefu, 504 inashinda na hapa pia sina mjadala. Panda DX kutoka Arusha hadi Dodoma afu siku nyingine panda 504 njia hiyo hiyo, utashuka mtu mwingine. Viti vyake ni laini na vipana, springi zake zina mwendo mrefu, unapita kwenye bati la barabara mbovu na chai haimwagiki. Wazee wenye mgongo wanaijua hii siri. Kama lengo lako ni kumchukua mama na baba na wajukuu mwende kijijini Krismasi au Idi wote kwenye gari moja, 504 stesheni ndo inayoweza.

Fundi. DX kila fundi. 504 tafuta mzee, na namaanisha mzee, kila mji mkubwa bado kuna mmoja au wawili waliokulia kwenye Pijo, mtafute yeye kabla hujatafuta gari, kaa naye, mpelekee soda, muulize kama ana nguvu ya kuichukua kazi na kama ana kijana anayemfundisha. Kama jibu ni hapana na wewe mwenyewe hushiki spana, achana na 504 chukua DX, nakwambia kwa upendo. Pijo bila fundi wake inageuka banda la kuku ndani ya miaka miwili.

Harusi na sherehe, watu wanaanza kuzikodi gari za zamani na hapa 404 inapiga zote, ikifuatiwa na 504 sedani. DX watu wanaiona bado ni gari ya juzi juzi.

Kutu, na hapa ndo nilikuwa naelekea muda wote. Jambo la kwanza angalia gari imeishi wapi, kabla ya kuangalia ina injini gani. Gari iliyoishi Tanga, Dar, Mombasa, Malindi au Zanzibar imekula chumvi ya bahari miaka yote, hata kama haijawahi kugongwa. Gari iliyoishi Dodoma, Singida, Arusha, Nakuru au Nanyuki ina nafasi kubwa ya kuwa na bati lake. Mimi ningechukua 504 ya Dodoma isiyowaka kuliko ya Tanga inayonguruma vizuri. Nenda na sumaku ndogo umeifunga kitambaa, ipitishe chini ya milango, kwenye matao ya tairi, kwenye fenda za mbele juu ya taa, ukiona haishiki ujue hapo ni puti tupu. Toa kapeti zote. Kwenye 504 angalia pembe za chini za kioo cha mbele, maji hukaa pale yakashuka hadi sakafuni bila mtu kujua, afu lala chini kabisa uangalie springi za nyuma zinapokaa. Kwenye DX angalia pale betri inapokaa maana asidi imefanya kazi yake miaka arobaini, na sakafu ya buti chini ya tairi ya akiba. Muuzaji akikukataza kutoa kapeti msalimie uondoke.

Usije na wazo la kuagiza kutoka nje ukadhani utakwepa haya yote. Kenya gari ya zaidi ya miaka 8 hairuhusiwi kuingia kwa njia ya kawaida, na Tanzania gari ikiwa na umri mkubwa ushuru wake unaongezeka, kwaio za kweli ni hizi hizi zilizopo hapa hapa, uani kwa watu, nyuma ya misikiti, kwenye mashamba ya kahawa, chini ya turubai. Nyingi wenyewe ni wajane au watoto wa madereva waliofariki. Ukienda kuongea nao nenda kwa heshima, usianze na bei, mara nyingi ile gari ndo kitu cha mwisho cha baba yao na wanataka kujua wewe utaifanyia nini, ukiwaambia unaitunza wengi wanakuwa tayari kusikilizana kuliko kwa mtu wa vyuma chakavu.

Nikilazimishwa kuchagua moja kwa mtu nisiyemjua nitamwambia DX sedani kutoka bara, kavu, ambayo haijakatwa na vijana wa mashindano, maana ataiendesha na gari ya zamani inayoendeshwa ndo inayopona. Nikichagua kwa ajili yangu ni 504 stesheni na hakuna siku nitabadili hilo. Na 120Y namwachia anayejua kuchomelea mwenyewe.

Mambo mawili ya mwisho kabla hujatoa hela. Kadi ya gari iwepo na namba ya kwenye kadi ifanane na iliyogongwa kwenye bati, nyingi hazijalipiwa chochote miaka na miaka na nyingine bado zina plate za mfumo wa zamani, nenda ukaulize TRA kwa Tanzania au NTSA kwa Kenya madeni na utaratibu ukoje kabla ya kulipa, usisubiri baada. Na kama ni Pijo ya stesheni fungua mlango wa nyuma uhesabu viti. Wengi walipoacha kubeba abiria waling'oa safu ya tatu wapakie mzigo, viti vikatupwa au vikawa benchi la gerejini, na kuvipata leo ni kugumu kuliko kupata injini nzima. Kama havipo uliza viko wapi, mara nyingine vipo hapo hapo kwenye stoo ya familia na hakuna aliyejua kama vina thamani.